Programu ya Zamani Katika Kompyuta Mpya: Hesabu za Wanachama Zisipotee

(Maelezo yaliyotolewa Goba, Dar es Salaam, mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Goba ya leo si Goba ya miaka ya 1980. Mashamba yamekatwa viwanja, lami imefika, na kata yenyewe, ambayo zamani ilikuwa ya Kinondoni, sasa imo katika Manispaa ya Ubungo. Lakini katika ofisi za vyama kimebaki kitu kimoja ambacho mabadiliko hayo yote hayakukigusa: kompyuta ya zamani iliyofunikwa kitambaa pembeni mwa meza ya karani, ambayo mtu mmoja tu ndiye ajuaye kuiwasha na kuizima.

Chukueni mfano wa chama cha akiba na mikopo chenye wanachama mia tatu na ofisi ya vyumba viwili. Ndani ya kompyuta hiyo mna programu ya leja iliyoandikwa mwishoni mwa miaka ya 1990 na kijana ambaye leo hajulikani aliko. Haina picha wala rangi za kuvutia. Ni maandishi meupe juu ya buluu, na kila kazi hufanywa kwa kubonyeza herufi. Jioni karani huingiza hisa, akiba na marejesho ya mikopo, kisha printa ya utepe, ile yenye kelele na karatasi zenye matundu pembeni, hutoa orodha ya salio la kila mtu. Programu haina lawama; urari wake hufunga kila mwezi. Ila inataka kompyuta ya aina ambayo haitengenezwi tena.

Siku moja chama kinanunua kompyuta mpya. Hakina budi, kwa kuwa taarifa za vyama hupelekwa kwa Tume ya Maendeleo ya Ushirika kwa njia ya mtandao, katika mfumo uitwao MUVU, na kompyuta ya zamani haiwezi tena kufungua kurasa za siku hizi. Karani ananakili programu yake ya leja kwenye flashi, anaihamishia katika kompyuta mpya, anaifungua. Kompyuta inajibu kwamba programu hii haiwezi kuendeshwa hapa. Mwenyekiti aliyesimama nyuma yake anauliza swali ambalo mwanachama yeyote angeliuliza: akiba zetu ziko wapi?

Zipo. Yafaa jambo hili lieleweke vizuri, kwa sababu hofu ya dakika hiyo ndiyo inayoviingiza vyama katika gharama zisizo za lazima. Programu haifanyi kazi peke yake. Kila inapotaka kuandika katika diski, kusoma kibodi au kuchapa karatasi, huomba ruhusa na msaada kwa mfumo endeshi wa kompyuta, kama vile karani asivyoweza kujichukulia mbolea ghalani bila kupitia kwa mtunza ghala. Programu za zamani zilizoandikwa kwa ajili ya MS-DOS, mfumo uliotoka mwaka 1981, huomba kwa lugha ya biti 16. Windows za biti 32 zilizokuja baadaye zilimweka mkalimani ndani yake, aliyeielewa lugha hiyo ya kizamani. Windows za biti 64 hazina mkalimani huyo. Na Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, hutolewa kwa biti 64 tu. Kwa hiyo leja haikuharibika, wala diski haikuugua. Mtunza ghala mpya hasikii lugha ya karani wa zamani; basi.

Fundi anayesema papo hapo kwamba programu imekufa amesema mapema mno. Kwanza na ichunguzwe ni ya aina gani. Ikiwa iliandikwa kwa ajili ya Windows 95 au XP, yaani ya biti 32, huenda ikafanya kazi katika kompyuta mpya bila taabu kubwa, maana Windows ina mahali pa kuiagiza iitendee programu kana kwamba bado iko katika mfumo wa zamani. Hutokea pia kwamba programu yenyewe ni ya biti 32 lakini kile kifurushi cha kuisimika ni cha biti 16, kikakwama mlangoni; watu wakadhani nyumba nzima imefungwa. Ikiwa ni ya MS-DOS kweli, dawa yake ni nyingine, nayo itaelezwa. Kuna hata programu, hasa zile zilizotengenezwa kwa Turbo Pascal, ambazo hufa kwa sababu ya kushangaza: kompyuta ni ya haraka kupita kiasi. Inapoanza, programu hupima mwendo wa mashine, na hesabu hiyo ya mwendo humshinda mpimaji mwenyewe.

Nchi hii ina kumbukumbu yake kuhusu mambo ya namna hii. Kompyuta ya kwanza iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Jaribio la kuziingiza hesabu za Serikali katika kompyuta halikufaulu, na kazi ikarudishwa katika vitabu vya mkono. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, amri iliyolegezwa polepole miaka ya baadaye. Wapo wanaoicheka amri hiyo leo. Lakini na waangalie jambo moja: Wizara ilikuwa na vitabu vya mkono vya kurudia. Chama kilichoacha leja ya mkono mwaka 1999, kikabakiza kila kitu ndani ya kompyuta moja, hakina cha kurudia.

Ndiyo maana kazi ya kwanza si kununua programu mpya wala kuita fundi. Ni kuchapa. Maadam kompyuta ya zamani bado inawaka, na ichapwe orodha kamili ya wanachama, hisa zao, akiba zao na mikopo yao, pamoja na urari wa siku hiyo. Mweka hazina na Kamati ya Usimamizi watie sahihi kila ukurasa. Kisha diski yote inakiliwe jinsi ilivyo, si mafaili machache anayodhani karani kuwa ndiyo ya maana. Nakala ziwe mbili, na moja isilale ofisini.

Hapo ndipo kompyuta mpya iguswe. Kwa programu za MS-DOS kuna programu ya bure iitwayo DOSBox, ambayo huigiza kompyuta ya zamani ndani ya kompyuta mpya, na mwendo wake waweza kupunguzwa hadi leja ya kale ikatulia. Ila ikumbukwe kwamba DOSBox iliundwa hasa kwa ajili ya michezo. Peke yake haichapi, wala haifai makarani wawili kuandika katika leja moja kwa wakati mmoja. Mwenzake aitwaye DOSBox-X anaweza kuchapa, na karatasi ikatoka hata katika printa mpya. Njia ya pili ni kutumia programu kama VirtualBox, ambayo hujenga kompyuta nzima ndani ya kompyuta, na humo Windows ya zamani ikasimikwa kwa diski yake na leseni yake halali. Njia hii ni nzito zaidi, lakini kwa programu yenye matakwa mengi ndiyo yenye subira.

Hatari moja isifichwe. Windows XP iliacha kupewa marekebisho ya usalama tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na hata Windows 10 ilifika mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mfumo wa namna hiyo ukiunganishwa na mtandao ni sawa na kuacha kasha la fedha wazi barazani. Leja ya zamani na ibaki nje ya mtandao, iwe katika mashine yake yenyewe au ndani ya ile ya kuigiza, na MUVU na barua pepe zifanyiwe upande mwingine. Kisha ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022: majina, namba za simu na madeni ya wanachama si vitu vya kuachiwa fundi aondoke navyo kwenye flashi yake.

Pamoja na hayo, kuiendesha programu ya kale ndani ya kompyuta mpya ni daraja la kuvukia, si mahali pa kujenga. Sababu moja inatosha kuonyesha. Programu nyingi za wakati ule ziliandika mwaka kwa tarakimu mbili. Ulipokaribia mwaka 2000 baadhi zilirekebishwa kwa kuwekewa mpaka: namba zilizo chini ya 30, kwa mfano, zihesabiwe za miaka ya 2000, na kuanzia 30 zihesabiwe za miaka ya 1900. Mpaka huo hutegemea aliyeuweka. Mkopo utakaokwisha mwaka 2031 waweza kusomwa kuwa ulikwisha mwaka 1931, na mwanachama asiye na kosa akatajwa kuwa mdaiwa sugu wa miaka karibu mia. Karani na ajaribu kwa kuingiza mkopo wa majaribio katika nakala, wala si katika leja halisi, aone jibu.

Katika kuhamisha hesabu kwenda programu mpya, habari njema ni kwamba leja nyingi za aina hiyo huhifadhiwa katika mafaili ya DBF, ambayo LibreOffice, programu ya bure, huyafungua hata leo. Aghalabu salio la mtu mmoja limegawanyika katika mafaili matatu au manne, na anayeyasoma asijue hayo ataleta jumla isiyo ya kweli. Tena kuna ugonjwa wa sifuri. Namba ya uanachama 0047, ikipitishwa katika jedwali ovyo, hugeuka 47. Na kama chama kiliwahi kuwa na vikundi viwili vyenye namba zinazofanana, akiba ya mtu wa Kinzudi huenda ikaangukia kwa mtu wa Kulangwa. Jumla kuu itafunga vizuri kabisa. Urari hautalalamika. Atakayelalamika ni mwenye fedha, siku atakapokwenda kulipa ada ya mtoto.

Kwa hiyo programu mbili na ziende pamoja kwa miezi mitatu, kila muamala uandikwe kote kuwili, na mwisho wa kila mwezi salio la kila mwanachama, si jumla peke yake, lilinganishwe. Makarani watanung'unika kwa kazi hiyo maradufu, nao wana haki ya kulipwa kwa saa za ziada. Halafu uitishwe mkutano wa wanachama. Kila mmoja aje na kitabu chake cha akiba, apewe karatasi ya salio lake peke yake, alinganishe, atie sahihi au aandike pingamizi. Pingamizi zote zitatuliwe kwa ile orodha iliyochapwa mwanzo na kutiwa sahihi. Wasiohudhuria wafuatwe majumbani, na warithi wa wanachama waliofariki waandikiwe barua. Kompyuta ile ya zamani ibaki pale pale chini ya kitambaa chake mpaka pingamizi la mwisho lifungwe na mkaguzi wa hesabu aione.