Mwili wa Bwana Wapelekwa Wapi?



Katika mji wa Florence, nchini Italia, lipo kanisa la Santa Felicita. Ndani yake, mkono wa kuume mtu aingiapo, mna kikanisa cha jamaa ya Capponi. Juu ya madhabahu yake imewekwa picha ya ubao, yenye kimo cha zaidi ya meta tatu, iliyochorwa na Jacopo Pontormo kati ya mwaka 1525 na 1528.

Mchoraji huyo aliyajua maombolezo. Mwaka 1523, tauni ilipoupiga mji, alikimbilia monasteri ya Galluzzo, akachora mateso ya Kristo ukutani huku akijifunza kwa michoro ya Mjerumani Albrecht Dürer. Alipopewa kazi ya Capponi, alikifunga kikanisa kwa miaka mitatu, asiruhusu mtu kuchungulia. Ndivyo asimuliavyo Vasari katika kitabu chake cha mwaka 1568.

Kilipofunguliwa, watu walikuta picha isiyo na msalaba wala kaburi. Vijana wawili wamebeba mwili wa Yesu. Mmoja amechuchumaa kwa ncha za vidole, akiwatazama watazamaji kwa uchungu. Mavazi ni ya waridi na samawati, si meusi ya msiba. Mariamu anazimia, mkono wake ungali umenyoshwa kumwelekea Mwanawe. Wengine huiita picha hii Kushushwa Msalabani, wengine huiita Maziko.

Basi, mwili huo wapelekwa wapi? Hakuna mahali palipotayarishwa ndani ya picha. Lakini chini yake ipo Meza ya Bwana, na wachukuzi waonekana kana kwamba wanaushusha pale, mikononi mwa wale waliokuja kula na kunywa.

Hapo lazima kusema kwa uangalifu. Kristo hatolewi sadaka tena. Alijitoa mara moja, ikatosha. Kinachoshuka mezani si sadaka ya wanadamu kwa Mungu, bali ni zawadi ya Mungu kwa wanadamu.

Wala picha haimkemei mama aliaye. Machozi yake hayakufutwa. Ila kile alichonyang'anywa na mauti kimekuwa chakula cha wengi. Usharika uliozika wazee wake kwa miaka 100 waweza kuielewa picha hiyo bila mkalimani: ulirudi kutoka makaburini ukiwa na huzuni, ukakuta Meza imeandaliwa.

Amina.