Kulingana na Kuchukuana: Maikrofoni Kongwe za Utepe, Mitambo ya Kisasa na Istilahi za Kiswahili

1.0 Utangulizi

Mhadhara huu unajadili tatizo la ufundi wa sauti ambalo, likichunguzwa kwa makini, ni tatizo la lugha pia: namna ya kuunganisha maikrofoni kongwe ya utepe na mtambo wa kisasa wa kurekodia. Kwa wanaokusanya tenzi, ngano na nyimbo, suala hili si la mafundi peke yao. Sauti ya mghani mzee ikinaswa vibaya, haisahihishiki kama herufi katika muswada, na huenda mghani mwenyewe asipatikane tena.

Jina la kifaa lenyewe lahitaji maelezo. Kipaza sauti hutumika kwa kifaa kinachopokea sauti na pia kwa kile kinachoitoa. Neno utepe nalo limezoeleka kwa maana ya ukanda wa kurekodia. Hapa, maikrofoni ni kifaa kinachopokea sauti, na utepe ni kipande chembamba mno cha alumini kilichomo ndani yake.

2.0 Utepe na Kazi Yake

Utepe huo huwekwa katikati ya ncha za sumaku. Mawimbi ya sauti yanapoutikisa, umeme mdogo sana huzalika. Wazo hilo liliendelezwa Ujerumani katika miaka ya 1920 na Walter Schottky na Erwin Gerlach wa Siemens. Nchini Marekani, Harry Olson wa RCA aliliboresha, na katika miaka ya 1930 maikrofoni ya RCA 44 ikaenea katika vituo vya redio. BBC nayo ilikuwa na aina yake, iliyotengenezwa pamoja na Marconi mwaka 1934. Katika miaka ya 1950 wahandisi wake walibuni ile ijulikanayo leo kama Coles 4038.

Ukinzani wa utepe wenyewe kwa kawaida haufiki omu moja. Kwa hiyo ndani ya maikrofoni huwekwa transfoma, ambayo huupandisha hadi makumi au mamia ya omu na kuongeza volteji inayotoka.

3.0 Kulingana si Kuchukuana

Katika ufundi wa simu, ukinzani wa chanzo na wa kipokezi ulifanywa sawa ili nguvu nyingi iwezekanavyo ihamishwe. Mitambo ya kisasa ya sauti hufuata kanuni nyingine: inayotakiwa ni volteji, na ukinzani wa kipokezi unapaswa kuzidi ule wa maikrofoni angalau mara tano, na ikiwezekana mara kumi.

Tuchukue maikrofoni ya omu 250. Ikiunganishwa na kipokezi cha omu 250, nusu ya volteji hupotea, yaani desibeli 6. Ikiunganishwa na kipokezi cha omu 2,500, hasara haifiki desibeli 1. Aidha, ukinzani wa maikrofoni ya utepe hupanda katika sauti nzito; kipokezi chenye ukinzani mdogo huzipunguza sauti hizo kuliko nyingine, na msimuliaji huonekana kana kwamba ana sauti nyembamba.

Jambo la pili ni ukuzaji. Sauti ya upole ya msimuliaji huweza kuhitaji desibeli 60 hadi 70, na vikuza sauti vingi hafifu vikifikishwa hapo huongeza mchakacho wao wenyewe.

La tatu ni hatari zaidi. Mitambo mingi hupeleka volti 48 kwenye maikrofoni za kondensa kupitia waya zilezile za sauti, utaratibu ulioanzishwa na Neumann mwaka 1966 kwa ajili ya redio ya Norwei. Waya zikiwa sahihi, umeme huo haupiti katika utepe. Lakini waya mbovu, au transfoma ya kale iliyounganishwa na ardhi katikati yake, huweza kuruhusu mkondo ukaunyoosha au kuukata utepe. Busara ni kuuzima kabla ya kuunganisha. Pale panapotumika kikuza sauti kidogo cha kati, sharti kiwe cha aina inayoutumia umeme huo chenyewe bila kuupeleka mbele.

4.0 Hitimisho

Mfasiri wa mwongozo wa mtambo anapokutana na dhana hii, neno la kwanza kumjia ni kulinganisha. Neno hilo humwelekeza msomaji kwenye usawa, na usawa ndio unaopoteza nusu ya volteji. Kiswahili kina neno linalofaa zaidi. Husemwa kwamba rangi mbili zinachukuana, wala hapana anayedhani kuwa ni rangi moja. Maikrofoni na mtambo vinapaswa kuchukuana: kila kimoja na tabia yake, na tofauti kati yao ikiwa ya kipimo kinachofaa.

Mtunga istilahi, basi, hana budi kukijua kifaa kabla ya kukipa neno. Asipofanya hivyo, kosa lake halibaki kamusini. Mwanafunzi atalifuata hadi uwanjani, na litasikika katika kila kanda atakayorudi nayo.