Kisu Kilichofichwa Alani



Dominika hii napenda tutafakari pamoja juu ya chombo kidogo ambacho wengi wenu mnacho nyumbani, nacho ni kisu. Sisemi juu ya visu vyeupe vya dukani visivyoshika kutu. Nasema juu ya kile kisu cheusi cha pua ambacho mhunzi wa kijijini hukifua, mara nyingi kutoka katika springi kuukuu ya lori, na ambacho kikiachwa na maji usiku mmoja, asubuhi hukutwa kimeanza kuwa chekundu. Mimi nina deni juu ya kisu cha namna hiyo, na leo nataka kulikiri mbele yenu.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa padre kijana, nilitumwa kuadhimisha Kesha la Pasaka katika kigango kimoja cha mkoa wa Kagera, magharibi ya Ziwa Viktoria. Wanaoijua nchi ile wanazijua mvua zake za Aprili. Siku hiyo ilinyesha tangu mchana. Tulipokusanyika nje ya kanisa ili kubariki moto mpya, kuni zilikuwa zimelowa, na kiberiti nilichokitia katika mfuko wa kanzu kilikuwa kimelainika kama uji. Waamini walisimama gizani, watoto wakitetemeka. Nikasema kwa unyonge, “Basi, tukaombe koroboi kwa jirani.”

Mzee katekista akanijibu, “Padre, mwanangu, subiri kidogo.”

Akachagua tawi kavu lililokuwa limekufa likiwa bado juu ya mti, si lile lililolala chini. Akaliwekea makali ya kisu kichwani, akaupiga mgongo wa kisu kwa rungu la mti hata tawi likapasuka. Nje lilikuwa limelowa, lakini kiini chake kilikuwa kikavu. Akakichonga kiini hicho taratibu, nyuzi nyembamba zikajikunja bila kukatika, mfano wa manyoya ya kuku. Kisha akatoa kikopo chenye kipande cha kitambaa cha pamba kilichochomwa hata kikawa cheusi kama mkaa, na jiwe jeupe lenye ukingo mkali. Akakibana kitambaa juu ya jiwe, akaligonga jiwe kwa mgongo wa kisu, wala si kwa makali. Cheche zikaruka. Moja ikatua kitambaani, ikawa doa jekundu dogo kuliko punje ya mtama. Akalifunga doa lile katika makapi makavu ya mgomba aliyoyahifadhi kifuani, akalipulizia kwa pumzi ndefu za upole. Moto ukawaka. Usiku ule tuliwasha Mshumaa wa Pasaka kwa moto uliotoka katika jiwe, kama vitabu vya Misa vya kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano vilivyoagiza.

Baada ya Misa nilimwuliza juu ya ufundi ule. Akaniambia kwamba babu zake walikuwa wayeyushaji wa chuma. Nanyi fahamuni kwamba hayo si masimulizi ya jioni tu. Mwaka 1978 wataalamu wawili, Peter Schmidt na Donald Avery, walichapisha utafiti wao ulioonyesha kwamba mafundi wa nchi ya Wahaya waliweza kutengeneza chuma cha pua katika tanuri zao za udongo, na kwamba ustadi huo ulikuwa na umri wa zaidi ya miaka 1,500. Shimo la tanuri walilijaza majani ya kinamasi yaliyochomwa yakawa kaboni, na upepo wa mivukuto waliupitisha katika mabomba ya udongo yaliyoingia ndani ya moto, hivyo ukafika ukiwa umekwisha kupata joto. Kaboni ile kidogo ndiyo inayokipa chuma ugumu wake.

Lakini lililonigusa zaidi ni jambo ambalo mzee aliniambia akiwa anakifuta kisu chake. Akasema, “Padre, watu hudhani moto hutoka katika jiwe. Jiwe haliwaki. Kinachowaka ni kisu.” Na ndivyo ilivyo, wapendwa. Jiwe lililo gumu kuliko chuma hukwangua chembe ndogo mno ya kisu. Chembe hiyo hupata joto kali kwa kukwanguliwa, ikaungua hewani. Kila cheche ni sehemu ya mwili wa kisu kilichojitoa.

Kabla ya kufariki dunia, mzee yule aliniachia kisu kile. Nami kwa heshima nikakitia katika ala yake ya ngozi, nikakifunga katika kitambaa, nikakiweka chini kabisa ya sanduku langu. Nilisema moyoni kwamba huu ni ukumbusho mtakatifu, usiguswe. Miaka ikapita. Siku moja akaja mjukuu wake, kijana aliyekuwa anajiandaa kuwa katekista, akasema, “Baba Padre, nasikia unacho kisu cha babu. Naomba unionyeshe namna alivyowasha moto.” Nikafungua sanduku kwa furaha. Kisu hakikutoka alani. Tulipokivuta kwa nguvu, kilitoka kikiwa kimeliwa na kutu, kimejaa mashimo. Ngozi hunyonya unyevu na kuushikilia. Ala niliyoidhani kuwa ulinzi ndiyo iliyokiharibu. Kijana hakusema neno. Mimi nikaona haya kuliko nilivyowahi kuona.

Tukakipeleka kwa mhunzi. Akakisugua kwa mchanga laini na mafuta, akakinoa juu ya kinoo chenye maji, upande huu na upande huu kwa mlalo ule ule. Akasema, “Mashimo hayatatoka. Lakini chuma cha ndani ni kizima.” Akatuonya tusikitumie kuchokolea makaa, maana pua ikipata moto mwingi hata ikageuka rangi ya bluu, ugumu wake hupotea. Tena akatufundisha tofauti ya weusi na wekundu. Kisu kinachokata ndimu na nanasi kila siku, kikaoshwa na kukaushwa, huwa cheusi, na weusi huo hukisaidia kupambana na kutu. Wekundu ndio unaokila.

Ndugu zangu, Mtume Paulo katika waraka wake wa pili kwa Timotheo anamkumbusha kijana wake aichochee karama aliyoipokea kwa kuwekewa mikono. Hamwambii aifungie sandukuni. Ni wangapi kati yetu tuna Ubatizo na Kipaimara kama mimi nilivyokuwa na kisu kile? Vyeti vipo, picha za siku ile zipo ukutani, rozari ya marehemu mama imefungwa katika kitambaa safi, lakini hakuna hata cheche. Twaogopa kuchakaa. Twaogopa weusi wa kazi, ilhali weusi huo ungetulinda. Kinachotuangamiza ni kutu ya kukaa bure.

Nanyi makatekista, mnaotembea maili nyingi kwenda vigangoni bila malipo ya maana, msione uchungu kwamba kila mwaka mnapungua kidogo. Moto wa waamini wenu umetoka katika mwili wenu. Ila msisahau kukifuta kisu jioni. Kikausheni, kipakeni mafuta kidogo, kinoeni kabla hakijawa butu kabisa. Kwa mtu, huko ndiko kusali kila siku, na kuungama mapema, kabla dhambi haijachimba shimo.

Na kama kutu imekwisha kukula, usikate tamaa. Kijana yule alilipiga jiwe kwa kisu kile kile chenye mashimo. Mara ya kwanza hakupata kitu, na mara ya pili vivyo hivyo. Mara ya saba cheche iliruka. Nilimpa kisu, akaenda nacho. Mwaka uliofuata, katika kigango kile kile, moto wa Kesha uliwashwa naye, na mimi nikausogeza mshumaa kwake.

Bwana atuchochee sote. Amina.