Hesabu Ipi?

Haya, uliye kwenye daladala ya Buhongwa, mwambie kondakta aongeze sauti. Na wewe mama wa Mwaloni Kirumba, weka chini hiyo sado ya dagaa kidogo, maana ada ya kijana inatoka humo humo.

Wiki iliyopita kaja kijana mwingine. Shahada ya kwanza anayo, ajira hana, sasa anataka uzamili wa hisabati. Baba yake kauza injini ya mtumbwi. Nikamuuliza, hesabu ipi? Akanitazama. "Hesabu tu, anko."

Hesabu tu! Injini imekwenda na mtu hajui anakwenda kusoma nini!

Ni hayo madesa yenu. Unakariri mitihani ya miaka iliyopita, unajibu, unasahau, na shahada unapewa. Ukifika kwenye tasnifu hakuna desa, maana hata msimamizi jibu hana. Ninamfahamu mmoja aliyefaulu masomo yote ya darasani, kisha akakaa miaka minne na tasnifu yenye ukurasa wa jina lake tu.

Sasa mtazameni Profesa Verdiana Masanja, mzaliwa wa Bukoba, ng'ambo tu ya ziwa hapo. Uzamili alifanyia Dar es Salaam, kuhusu vimiminika visivyotiririka kama maji, vikipita kwenye bomba. Akaenda Berlin, na mwaka 1986 akapata uzamivu, Mtanzania mwanamke wa kwanza katika hisabati. Kwa kitu gani? Vimiminika ndani ya bomba! Ukimuuliza huyo hesabu ipi, hakutazami.

Na msiniletee habari kwamba mwisho wake ni chaki. Benki na bima mnazijua, sizirudii. Lakini hapa hapa ziwani, meli ya utafiti hupiga sauti kwenda chini, mwangwi ukarudi. Mwangwi si samaki. Lazima mtu akae na milinganyo yake augeuze kuwa tani za sangara, ndipo watu wabishane kuhusu nyavu. Wanaofuatilia malaria nao wanamhitaji mtu huyo huyo. Arusha, Taasisi ya Nelson Mandela inafundisha mambo haya, Dar es Salaam pia. Fomu na vyeti mtasoma wenyewe, si watoto.

Yule kijana nimempa mpaka Jumamosi aje na swali moja kwenye karatasi moja. Aliyenunua injini kalipa nusu tu, na bado hajaja kuichukua.