Mgeni wa Msimu Mmoja

(Mazungumzo ya ibada yaliyotolewa redioni. Somo: Luka 1:39–58)

Nawasalimu nyote mlio hapa kisiwani Mombasa, na ninyi mlio ng'ambo ya pili, Likoni na Kisauni. Nawasalimu pia mlio kule juu Wundanyi, Mbale na Werugha, ambao huenda asubuhi hii mmejifunika blanketi huku sisi tukitafuta upepo. Leo nataka tuzungumze juu ya kutembeleana. Ni jambo dogo, mtasema. Lakini mimi nimekosea katika jambo hili dogo kwa muda wa miaka kumi na mmoja, na leo nitawaeleza nilivyokosea.

Kwetu ni Taita, katika bonde moja lililo chini ya jabali la Wesu. Mimi nimekaa Mombasa tangu ujana wangu, na nyumba yangu haiko mbali na Mji wa Kale. Wazazi wangu wamekwisha kulala, lakini yuko shangazi yangu, dada wa marehemu baba, mjane, aliyenilea nilipokuwa mdogo. Kila mwaka mwezi wa Desemba, karibu na Krismasi, nilifunga safari kwenda kumwona. Zamani nilikwenda kwa basi, na tangu mwaka 2017 nimepata pia kupanda treni mpya hadi Voi, kisha matatu kupitia Mwatate, penye mashamba ya mkonge, na kupanda ile barabara ya kona nyingi hadi Wundanyi.

Ninyi mnaoijua safari hiyo mnajua furaha yake. Mtu anaacha joto la pwani, anavuka nyika kavu ya Tsavo yenye udongo mwekundu, halafu ghafula anaona milima imesimama mbele yake, kijani kitupu. Mlima Vuria unapita mita 2,200 kutoka usawa wa bahari. Mwezi wa Desemba mvua za vuli zimekwisha kunyesha. Mahindi yamesimama, maharagwe yamejaa, maji yanaimba katika mifereji, na kabichi zimepangwa bondeni kama watoto wa shule. Watu wote wako nyumbani. Kanisa linajaa hadi nje. Kila nyumba inanukia chakula, na mgeni hapewi nafasi ya kusema ameshiba.

Kila mara nilipokwenda nilimchukulia shangazi zawadi. Nilipita Mtaa wa Biashara, nikachagua leso nzuri, doti mbili au tatu, nikazikunja vizuri sandukuni. Shangazi alizipokea kwa mikono miwili, akaniombea baraka. Baada ya siku nne au tano nilirudi Mombasa moyo ukiwa mweupe. Katikati ya mwaka nilimtumia fedha kwa simu. Nami nilijihesabu kuwa mtu mwema anayewakumbuka wazee wake.

Sasa katika Mji wa Kale, si mbali na bandari ya zamani, yuko mzee mmoja, jirani yangu, Mwislamu, ambaye katika maisha yake amefanya kazi ya ubaharia. Siku moja ya mwezi wa Januari tulikuwa tumekaa barazani kwake tukinywa kahawa, nami nikimsimulia uzuri wa kwetu. Nikamwambia, "Mzee wangu, Taita ni nchi isiyo na shida. Maji tele, chakula tele, watu wote wacheshi."

Mzee akaniuliza, "Wewe huenda mwezi gani?"

Nikamjibu, "Desemba, kila mwaka."

Akacheka kidogo, akasema, "Basi mwanangu, wewe kwenu waenda kama majahazi ya Manga. Waja na kaskazi. Kusi ikivuma, haupo."

Sikumwelewa mara moja, akanifafanulia. Wengi wenu mnajua habari hii, lakini vijana huenda hawaijui. Kwa karne nyingi majahazi ya Uarabuni, ya Ghuba na ya Bara Hindi yalikuja Mombasa kwa upepo wa kaskazi, unaoanza kuvuma kama mwezi wa Desemba. Yalileta tende, mazulia na samaki wakavu, yakapakia boriti za mikoko na bidhaa nyingine. Upepo ulipogeuka kuwa kusi, kama mwezi wa Aprili, yalitweka matanga yakarudi kwao. Hata wakati mzee huyu alipokuwa kijana, bandari ya zamani ilijaa majahazi msimu huo.

"Nahodha wa Manga," akasema mzee, "alikuwa aijua Mombasa ya jua, bahari shwari, soko limejaa. Masika yakinyesha, ndia zikijaa maji, wavuvi wakilala na njaa kwa kuwa bahari imechafuka, yeye yuko kwao. Ukimuuliza Mombasa ikoje, akwambia ni nchi ya jua. Hasemi urongo. Lakini haijui Mombasa."

Wasikilizaji, neno lile lilinichoma. Bwana wetu alipotaka kumfundisha mwanasheria maana ya jirani, alimpa mfano wa Msamaria, mtu wa dini nyingine. Nami siku ile nilifundishwa na jirani yangu. Nikaazimia kwamba mwaka ule nitakwenda kwetu nje ya Krismasi.

Nilikwenda kwanza mwezi wa Machi, mwishoni mwa kiangazi. Bonde lilikuwa jingine. Majani yalikuwa yamekauka, na maji ya mfereji yalikuwa yamepungua hata yakagawanywa kwa zamu. Niliona akina mama wakingojea kwenye chemchemi kwa subira, mitungi imepangwa foleni. Hapo nikakumbuka kwamba hata maji tunayokunywa hapa Mombasa, sehemu yake imetoka upande ule ule, katika chemchemi za Mzima, kwa bomba lililojengwa miaka ya 1950. Hatuulizi yanatoka wapi, mradi bomba linatoa.

Nilikwenda tena mwezi wa Mei, masika. Mahali matatu inapoishia nilivua viatu nikatembea kwa miguu katika utelezi. Nilipofika nikiwa nimejaa tope hadi magotini, shangazi alishangaa akauliza, "Kuna msiba gani?" Fikirini, wapenzi. Mtoto aliyemlea amefika nyumbani mwezi wa Mei, naye anadhani bila shaka kuna mtu amekufa.

Lakini safari ambayo sitaisahau ni ile ya Julai. Hapa Mombasa Julai ni mwezi mzuri, joto limepungua, tunalala vizuri. Kule juu ni mwezi wa ukungu. Ukungu huingia bondeni usiku, na pengine hauondoki hadi saa sita mchana. Jabali la Wesu halionekani kabisa. Kuni zimelowa, moshi unajaa jikoni, na wazee wanakohoa nyumba hadi nyumba. Nilimkuta shangazi ameketi karibu na meko, ameinama. Alikuwa amevaa sweta nyembamba iliyotoboka viwiko, na juu ya sweta amejifunga leso. Nilipotazama vizuri niliona si leso moja. Alikuwa amejifunga leso nne, moja juu ya nyingine. Zote nilizitambua. Ni mimi niliyezileta.

Miaka kumi na mmoja nimemchukulia leso, nguo ya pwani, nguo ya joto. Blanketi hata moja sikumchukulia. Sikuwa mchoyo. Fedha ya blanketi nilikuwa nayo. Sikujua tu kwamba analihitaji, kwa sababu baridi ilipokuja mimi sikuwapo.

Nilimwuliza, "Shangazi, mbona hukuniambia?" Alinitazama kwa upole, akasema, "Mwanangu, ulikuja siku za furaha. Ningekuharibiaje furaha kwa habari za baridi?" Wala hakusema kwa kunilaumu. Lingekuwa jambo rahisi zaidi kwangu kama angenilaumu.

Wapenzi, usiku ule nilisoma tena sura ya kwanza ya Injili ya Luka, habari za safari ya kupanda milimani. Malaika amekwisha kumpasha Maria habari, na kumwambia kwamba jamaa yake Elisabeti, mwanamke mzee, ana mimba ya miezi sita. Maria anaondoka kwa haraka, anakwenda nchi ya milima, anaingia nyumba ya Zakaria na kumsalimu Elisabeti. Habari hii tunaisoma kila mwaka. Lakini tuangalie mambo mawili ambayo mimi nilikuwa nimeyapita.

La kwanza ni wakati aliokwenda. Luka anatueleza kwamba Elisabeti alikuwa amejificha muda wa miezi mitano. Na mume wake alikuwa bubu, hawezi kumsemesha. Ilikuwa nyumba ya kimya. Mbele kidogo, katika aya ya 58, tunasoma kwamba mtoto alipozaliwa majirani na jamaa walisikia, wakaja kufurahi pamoja naye. Wale walikuja siku ya sherehe, na si vibaya. Lakini Maria alikwenda kabla ya sherehe, wakati ambapo mwanamke mzee mwenye mimba anahitaji mtu wa kumchotea maji.

La pili ni muda aliokaa. Aya ya 56 inasema alikaa naye kama miezi mitatu. Hakusalimu na kuondoka. Alikaa mpaka akaijua nyumba ile, asubuhi yake na usiku wake.

Na tunajua aliyekuwa tumboni mwa Maria. Zakaria alipofunguliwa kinywa alimsifu Mungu kwa sababu amewatembelea watu wake na kuwakomboa. Mungu angeweza kututumia baraka kutoka mbinguni, kama mimi nilivyotuma fedha kwa simu. Lakini alikuja mwenyewe. Akaona njaa, akaona kiu, akalia kaburini pa rafiki yake, akajua baridi ya usiku ule walipowasha moto uani kwa kuhani mkuu. Mwokozi wetu anajua tunachohitaji kwa sababu aliishi nasi katika misimu yetu yote, hata ule wa kufa.

Hata historia ya kanisa letu pwani hii inatufundisha hivyo. Mwaka 1844 Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa, na katika mwaka huo huo alimzika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga. Mwaka 1846 alifika mwenzake, Johannes Rebmann. Mwaka 1847 Rebmann alikwenda kwa miguu hadi Kasigau katika nchi ya Taita, na tarehe 11 Mei 1848, akiwa njiani kwenda Uchaga, aliona theluji juu ya Kilimanjaro. Huko London mtaalamu mmoja, William Desborough Cooley, alimkanusha kwa miaka mingi, naye hakuwahi kukanyaga nchi hizi. Alijua Afrika kwa kusoma na kusikia. Lakini Rebmann alikuwa amefika kwa miguu yake. Tena alikaa nasi hadi mwaka 1875, karibu miaka 30, akarudi kwao akiwa kipofu. Kwa hiyo tunamkumbuka mpaka leo.

Sasa, ndugu na dada, sisemi kila mtu apande milimani kila mwezi. Nauli ni ghali na kazi hazituruhusu. Wala sisemi kutuma fedha ni vibaya. Fedha ile ilimnunulia shangazi unga, na yeye humshukuru Mungu kwa hilo. Ninalosema ni hili: yuko mtu unayemtembelea msimu mmoja tu. Labda ni mzazi, labda ni mgonjwa wa usharika wenu, labda ni mjane ambaye ulimwona siku ya maziko na hujarudi tena. Jiulize, "Mtu huyu, Julai yake ni lini?" Kisha mwaka huu nenda wakati huo, mara moja tu. Usiende na maneno mengi. Kaa, tazama, sikiliza. Utaona mwenyewe anachohitaji, wala hutalazimika kumwuliza.

Mimi nilirudi Mombasa na kununua mablanketi mawili mazito, nikayapeleka kabla ya mwezi kwisha. Nikafikiri nimemaliza somo langu. Lakini Mungu hakuwa amemaliza. Mwaka uliofuata, mwezi wa Juni, mvua kubwa ilinyesha hapa kisiwani, vichochoro vya Mji wa Kale vikajaa maji. Nilipokuwa nimeketi nyumbani nikamkumbuka yule mzee wangu baharia. Nikagundua kwamba naye humtembelea siku ya Idi, na siku za kaskazi barazani, kwa kahawa. Katika mvua sijawahi kwenda.

Nikachukua mwavuli. Mlango wa chini ulikuwa umerudishwa tu. Nikapiga hodi, nikapanda ngazi, nikamkuta amelala, miguu imevimba, ana siku tisa hajashuka barazani. Nikamwambia, "Shikamoo, mzee wangu." Akaitika, "Marahaba." Akanitazama nguo zilizolowa, akasema, "Leo umekuja na kusi. Karibu, mwanangu, kaa."

Na tuombe. Ee Bwana, uliyetujia wala hukutupitia, tunakushukuru kwa kuwa unatujua katika jua letu na katika ukungu wetu. Utusamehe sisi tuliowapenda watu wako siku za sherehe tu. Utuonyeshe mlango tusioupigia hodi, utupe miguu ya kwenda na subira ya kukaa. Uwafariji wazee walio peke yao asubuhi hii, milimani na visiwani. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.