Shule Waliyoijenga Wazee Wetu Isibomolewe

(Haya ni maneno ya hotuba iliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi moja la pwani, katika mkutano wa kufikiri juu ya jengo la shule ya zamani.)



Nimeombwa niseme juu ya jengo letu la shule ya zamani, lile la mawe na chokaa ambalo sasa wanafunzi wake ni popo. Wako wenzetu wanaotaka libomolewe, mahali pake pajengwe fremu za maduka, na kodi yake iingie katika mfuko wa tawi. Sikuja kuwatukana wenye rai hiyo. Fedha ni kitu, na mfuko wetu mnaujua ulivyo. Nimekuja kuwapa habari ya ndugu zetu wa mbali, watu weusi wa kusini ya Marekani, ambao jambo hili liliwafika si kwa shule moja bali kwa maelfu.

Mwaka 1912 Booker T. Washington, mkuu wa chuo cha Tuskegee katika jimbo la Alabama, mtu aliyezaliwa utumwani, alipatana na tajiri wa Chicago aitwaye Julius Rosenwald. Walianza na shule ndogo sita karibu na Tuskegee. Washington alifariki mwaka 1915, lakini kazi haikusimama. Ilipokoma mwaka 1932 zilikuwa zimejengwa shule karibu 5,000 katika majimbo 15.

Wengi hudhani tajiri ndiye aliyezijenga. Sivyo hata kidogo. Rosenwald alitoa kiasi cha dola milioni 4.3, na watu weusi wenyewe, wengi wao wakulima waliolima mashamba ya watu, walitoa dola milioni 4.7. Mwenye ardhi alitoa kiwanja, mwenye miti alitoa mbao, asiye na kitu alitoa mikono yake. Pengine watu walitenga ekari moja wakailima pamba, na pamba hiyo ikawa ya shule. Fungu kubwa zaidi, kama dola milioni 18, lilitoka katika kodi ya serikali. Lakini kodi ile nao walikuwa wakiilipa, na sehemu iliyo kubwa ilikwenda kwa shule za Wazungu. Kwa hiyo mtu mweusi alitozwa mara mbili, kwanza kwa kodi na kisha kwa mchango. Wazee wetu waliolipa kodi ya kichwa, halafu miaka ya 1950 wakaitikia mwito wa TAPA na kuchanga senti zao kwa ajili ya shule za wazazi, waliijua hesabu hiyo vizuri sana.

Shule zenyewe nyingi zilikuwa za mbao, chumba kimoja, viwili au zaidi, lakini zilifikiriwa. Ramani za kwanza zilichorwa Tuskegee, na mmoja wa wachoraji alikuwa Robert R. Taylor, fundi mweusi. Kwa kuwa vijijini hapakuwa na umeme, madirisha yalikuwa marefu, yamepangwa safu, yakitazama mashariki au magharibi, ili mtoto asome kwa mwanga wa jua. Katika nyingi, ukuta wa kati uliweza kufunguliwa, vyumba viwili vikawa ukumbi mmoja, na jioni wazazi wakakutana humo. Mwaka 1924 Dokta Aggrey alipopita huku kwetu pamoja na tume ya Phelps-Stokes, wakoloni walisikia habari za Tuskegee wakazipenda, hasa ile ya jembe na randa. Habari ya ukumbi wa wazazi kukutana jioni haikuwapendeza sana.

Mwaka 1954 mahakama kuu ya Marekani iliamua kwamba kutenga watoto kwa rangi katika shule za serikali ni kinyume cha sheria. Huo ulikuwa ushindi mkubwa. Lakini shule zilipounganishwa, zilizofungwa mara nyingi zilikuwa zile za watu weusi. Na hapa ndipo ningependa mnisikilize kwa makini, kwa sababu ili wapate msaada walitakiwa kuandikisha kiwanja na jengo kwa bodi ya shule ya serikali. Waliochanga hawakushika hati. Bodi ikauza ilivyotaka. Nyingine zilibomolewa, nyingine zikawa ghala la majani ya ng'ombe, nyingine zikaoza. Inakadiriwa leo zimebaki kama 500.

Mwaka 2002 shirika lao la kuhifadhi majengo ya historia lilizitia shule hizi katika orodha ya mahali panapokaribia kupotea. Huko Pomaria, South Carolina, shule ya Hope iliyofungwa mwaka 1954 imetengenezwa, ikawa nyumba ya mikutano ya wenyeji. Huko Cumberland, Virginia, wanafunzi wa zamani wa Pine Grove, shule ya mwaka 1917, walisimama kuitetea pale kampuni ilipotaka kuweka jalala kubwa jirani yake. Hao si matajiri. Ni wazee waliosoma humo, na wajukuu wao.

Narudi kwetu. Jambo la kwanza ni hati. Kabla ya kununua hata msumari mmoja, Katibu aende akaulize kiwanja kile kimeandikwa kwa jina la nani. La pili ni paa. Ukuta wa mawe na chokaa hustahimili mengi, ila maji yakiingia kwa juu hautadumu. Tuanze juu, tushuke chini. Na la tatu, nawaomba mafundi vijana wasikasirike: msipake saruji juu ya ukuta ule. Saruji hufungia unyevu ndani, chumvi ikala mawe, na baada ya masika machache lipu yote huanguka. Tafuteni chokaa. Wako wazee wanaojua bado kuichoma na kuiloweka, nao hawatakaa nasi milele.

Likisha kutengenezwa, lina vyumba vitatu. Kimoja kiwe cha watoto wadogo asubuhi, kimoja cha vitabu na magazeti, na kile kikubwa kiwe cha mikutano, arusi na matanga, kwa malipo kidogo yatakayolinda paa. Wenye kutaka fremu nawaambia kwamba upande wa barabara, nje ya jengo, pana nafasi ya fremu mbili bila kugusa hata jiwe moja.

Jumamosi baada ya sala ya alasiri nitakuwa pale na ngazi. Mwenye kamba na aje nayo. Mweka Hazina amekubali kuandika michango mbele ya watu, na daftari litabaki wazi mezani kwa kila mwanachama kulisoma.