Sote Tu wa Damu Moja

Somo: Matendo ya Mitume 17:22–31



Katika somo letu Mtume Paulo anawaambia wenye hekima wa Athene kwamba Mungu aliyafanya mataifa yote kutoka kwa mtu mmoja. Neno hili hata kwetu bado ni gumu. Mara ngapi tumesikia mtu akisema, "Yule si damu yetu"?

Basi na tuiulize damu yenyewe. Mwaka 1901 daktari Karl Landsteiner wa mji wa Vienna alionyesha kwamba damu za watu ni za makundi mbalimbali. Leo twayajua: A, B, AB na O. Mgonjwa akitiwa damu isiyopatana na yake aweza kufa. Je, makundi hayo ndiyo mipaka ya makabila?

Jibu lilipatikana Thesalonike, mji ule ule ambao Paulo aliuandikia nyaraka mbili. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya mataifa mengi yalikutana huko. Daktari Ludwik Hirszfeld na mkewe Hanna, naye daktari, walipima damu ya watu zaidi ya 8,000: Waingereza, Waserbia, Waturuki, Wayahudi, Wahindi, Wasenegali, watu wa Madagaska na wengineo. Mwaka 1919 walitangaza matokeo. Kwa Waingereza kundi A lilizidi sana kundi B. Kwa Wahindi B lilizidi A. Lakini katika kila taifa walilolipima, A ilikuwapo na B ilikuwapo. Hapakuwa na taifa lenye damu yake peke yake.

Baadaye serikali ya Hitler ilihubiri habari za damu safi. Mwaka 1941 Hirszfeld huyo huyo, kwa kuwa alizaliwa katika ukoo wa Kiyahudi, alifungiwa na Wayahudi wengine katika mtaa uliozungushiwa ukuta mjini Warsaw.

Nasi Wakenya tusiwanyoshee wengine kidole. Mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008 damu ya majirani ilimwagwa kwa ajili ya kabila. Tulisahau upesi. Mwezi wa Agosti 1998, bomu lilipolipuka Nairobi, watu walijitokeza kwa wingi kutoa damu, bila kujua itaingia katika mishipa ya nani.

Juu ya mfuko wa damu huandikwa kundi lake; kabila haliandikwi. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua aweza kukosa msaada kwa ndugu yake wa tumbo moja, akaupata kwa mtu wa mbali asiyejua hata lugha yake. Hapo nani atasema, "Huyu si damu yetu"?

Ndugu, juma hili tufanye mambo mawili. Mwenye afya njema aende akatoe damu. Na nyumbani, mbele ya watoto, tuache kulitaja kabila la jirani kwa dharau. Kristo alipoimwaga damu yake msalabani, hakuwabagua watu kwa makabila yao.

Tuombe. Ee Mungu, Baba wa mataifa yote, utuondolee kiburi cha ukoo na kabila. Uwaponye wagonjwa wanaongojea damu usiku wa leo, nawe utufanye tayari kuwapa. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.